TAHADHARI: Anayeuza seti za kubaipasi EGR Mwanza anafunga bati la debe na kuziba taa ya injini

Wakuu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa yote, hasa wenye Hiace, Hilux na Prado za dizeli. Kuna mtu anazunguka akiuza anachokiita seti ya kubaipasi EGR (yaani kuiziba au kuiondoa) "kutoka Japani". Hana duka. Anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva, ukimpigia anakufuata ulipo: Buzuruga, Igoma, hadi Mwaloni Kirumba wakati magari yanasubiri kupakia dagaa. Anachukua laki mbili na nusu, anafunga papo hapo, anaondoka. Msimpe hata mia. Magari aliyoyashika yanaishia gerejini kwetu Nyakato, na nilichokikuta nikiyafungua kimenikasirisha sana.

Kwa wasioijua, EGR ni vali inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Moshi huo una oksijeni kidogo, hivyo unashusha joto la mwako, na joto likishuka zinapungua zile gesi za oksaidi za naitrojeni zinazochafua hewa. Kero yake kila mwenye dizeli anaijua: masizi yakikutana na mvuke wa oili yanaganda kama lami ndani ya vali na manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), gari linakosa pumzi, linatoa moshi mweusi. Ni tatizo la kweli, na huyu bwana anaingilia hapo hapo.

Anaahidi mafuta yatapungua nusu na nguvu itaongezeka. Ukimsikia anasema hivyo, mwache aende zake. Vali iliyo nzima hujifunga yenyewe ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kwa hiyo kuiziba hakutakuongezea nguvu unapopanda Isamilo na mzigo. Na moshi mweusi una sababu nyingi: injekta zilizochoka, hewa ya turbo inayovuja njiani, hata filta ya hewa iliyojaa vumbi. Yeye hapimi chochote. Kila gari kwake ni EGR.

Sasa angalieni anachofunga. Kwenye Hiace moja nilitoa kile alichokiita sahani ya kuzibia. Ni bati laini lililokatwa kwa mkasi, kingo zimejikunja, na upande uliokuwa umefichwa bado yanasomeka maandishi ya debe la mafuta ya kupikia. Hakuna gasketi, amepaka silikoni ya bomba. Moshi wa ekzosi unapita hapo ukiwa na joto la mamia ya nyuzi. Bati lilikuwa limeungua na kutoboka katikati, silikoni imekuwa majivu, na moshi ulikuwa unavuja kwa mluzi. Kumbukeni injini ya Hiace imekaa chini ya viti vya mbele. Mvua ikinyesha madirisha yanafungwa, na abiria wanavuta moshi huo safari nzima. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mle ndani wanapanda wamama na watoto wachanga. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela.

Kwenye magari yenye kipoza moshi cha EGR, ambacho hupozwa na maji ya injini, anafanya baya zaidi. Anakiondoa, kisha anaunganisha njia za maji kwa mpira mwepesi wa kupitishia hewa, tena anaukaza kwa waya wa kufungia nondo badala ya klipu. Maji ya injini yanazunguka yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi, na yana presha. Ule mpira nimeushika mkononi: umevimba na kupasuka kwa urefu wake. Gari lilichemsha barabara ya Sengerema, dereva akachelewa kugundua, gasketi ikaungua na silinda hedi ikapata ufa. Mwenye gari ni mzee anayelipa ada za wajukuu kwa hesabu ya gari hilo, na sasa limelala.

Kinachoficha yote haya ni taa. Ukiziba EGR hovyo, kompyuta ya gari inaona moshi haupiti, inaweka kodi (namba ya hitilafu) P0401 na kuwasha taa ya cheki injini. Magari mengine yanakata nguvu kabisa. Yeye anafungua dashibodi na kubandika tepu nyeusi ya umeme juu ya taa hiyo. Baada ya hapo hata injekta au presha ya mafuta ikiharibika, dereva haonyeshwi kitu. Kujua kama umefanyiwa hivyo ni rahisi: washa swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini lazima iwake pamoja na zingine. Isipowaka, dashibodi yako imechezewa au taa yenyewe imekufa, na vyote viwili vinahitaji fundi.

Jambo lingine, vali yako orijino anaondoka nayo akisema haina kazi tena. Ina kazi sana. Inasafishwa na kuuzwa kama spea ya mtumba. Kifaa kinachotoka kwenye gari lako ni chako, kidai.

Vali ikiwa imeziba, mara nyingi dawa ni kuifungua, kukwangua masizi, kuisafisha kwa dawa ya kaburetta bila kulowesha sehemu ya umeme, kusafisha manifodi na kufunga gasketi mpya. Kabla ya hapo gari lipimwe na mashine na uonyeshwe kodi kwa macho yako. Ukilipa, dai risiti ya EFD. Mtu asiyeweza kutoa risiti hutampata gari likichemsha.

Aliyekwishafungiwa asisafiri mbali kabla fundi mwingine hajaangalia mipira ya maji na hilo bati. Tunzeni meseji zake na muamala wa simu, nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa yenu), na namba yake itumeni kwenda 15040, ya kuripoti matapeli wa simu. Wenzetu wa Geita na Musoma nao wakae macho, maana nasikia Buzuruga hajaonekana tangu wiki iliyopita.