Kiakisi mwanga au taa ya kumwekamweka kwa trekta na mikokoteni ya Malindi

Katika barabara ya kutoka Malindi kwenda Mambrui na Gongoni, gari lendalo kilomita 100 kwa saa likilikuta kwa nyuma trekta lendalo 20, nafasi ya mita 200 baina yao humalizika kwa sekunde 9 tu. Kwa hiyo swali ni kipi kati ya kiakisi na taa kitamzindua dereva mapema zaidi.

Pembetatu ya kuakisi, yenye kiini cha rangi ya machungwa na kingo nyekundu, haihitaji umeme: mchana kiini chake hung'aa, na usiku kingo hurudisha mwanga wa taa za gari linalokuja. Udhaifu wake ni kwamba huzimwa na tope, na haionekani kabla ya kumulikwa. Nyasi zilizopakiwa hadi kuning'inia nyuma huifunika kabisa, jambo ambalo wapakiaji wengi hawalijali.

Taa ya manjano ya kumwekamweka, ikifungwa juu ya paa la trekta, huonekana kutoka kila upande, hata wakati wa magharibi ambapo madereva wengine hawajawasha taa zao. Hata hivyo hutegemea betri, na hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya nyaya zake.

Mkokoteni wa punda hauna betri, kwa hiyo kwangu mimi hapo hakuna mjadala: uwekewe viakisi nyuma na ubavuni. Trekta livae vyote viwili, na kama fedha hazitoshi, lianze na pembetatu, mradi ipanguswe kila asubuhi.