Galaxy Tab S6 Lite darasani: kalamu inayokurudishia sauti ya mhadhiri

Asalaam aleikum, watazamaji wangu. Leo nazungumza nanyi nikiwa barazani hapa Langoni, mjini Lamu, na kishikwambi nilichokishika ni Samsung Galaxy Tab S6 Lite, toleo la mwaka 2020. Habari za kamera na ukubwa wa kioo mmekwisha kuzisikia kwingine, wala mwanafunzi hanunui kifaa hiki ili akapige picha za harusi.

Tazameni mkono wangu. Nafungua Samsung Notes, programu ya kuandikia iliyomo humu, nagusa alama ya kibanio cha karatasi, nachagua kurekodi sauti, kisha naandika kwa kalamu yake huku nikisoma maelezo ya osmosisi kwa kasi ya mhadhiri wetu, ambaye husomesha kama mtu anayeiwahi mashua ya mwisho ya Mokowe. Nimeandika "maji", nimeandika "utando", na mengine yote yamenipita. Sasa nasimamisha, naiwasha rekodi, halafu naligusa neno "utando". Mmesikia? Sauti imeruka hadi pale pale nilipokuwa nikiliandika neno hilo, na maelezo niliyoyakosa yamerudi mazima, pamoja na mlio wa punda aliyekuwa akipita kichochoroni. Nagusa "maji", tunarudi nyuma. Naweza kukaa hapa mpaka magharibi nikigusagusa maneno, na nimeshafanya hivyo.

Hata hivyo, mapenzi yangu yamepungua kidogo tangu nilipokitaja katika video iliyopita. Siku moja nilijiachia, nikarekodi saa mbili na kuandika maneno manne tu, kwa hiyo wakati wa kudurusu sikuwa na pa kugusa. Ilinilazimu kusikiliza kila kitu, ikiwemo adhana ya alasiri na wenzangu wawili waliokuwa wakibishania bei ya samaki. Siku hizi naandika japo neno moja kila hoja inapobadilika, naweka tarehe juu ya ukurasa, na kila somo lina folda yake.

Mnaniuliza kwa nini sikuchagua iPad. Ni kifaa kizuri mno, lakini kalamu yake, Apple Pencil, huuzwa kando na huhitaji kuchajiwa, ilhali kalamu hii imo ndani ya boksi na haina betri kabisa, kwani hupata nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe. Kwa mwanafunzi anayehesabu shilingi, na anayesahau kuchaji hata simu yake, mimi sioni la kujadili.

Kama kipya kinawashinda bei, kilichotumika kinafaa, ila msilipe kabla ya kuuliza kalamu yake iko wapi. Ichukueni, mchore mstari kutoka pembe hadi pembe ya kioo, taratibu, mbele ya muuzaji, na mstari ukikatika mahali, mrudishieni kifaa chake.