Wikendi Ziwa Chala: nililipia giza, wakaniwashia jenereta

Mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia kwenye ngalawa ya babu, na sasa ni fundi friji hapa Moshi. Kwa hiyo mke wangu aliponionyesha tangazo kwenye simu, "kayaki, kambi na nyota, Ziwa Chala, Ijumaa mpaka Jumapili, laki na themanini kwa kichwa", nilimuuliza ni nani mwenye akili timamu anayetoa hela hiyo akalale nje. Mama mkwe wangu anakaa Rombo, si mbali na ziwa lenyewe, naye alipiga simu kuuliza hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi: "Mkwe wangu, mnalipia turubai na hapa kwangu kuna vyumba vitatu?"

Tukalipa. Waandaaji siwataji jina. Yote nitakayoandika hapa nimeshawaambia uso kwa uso, na wakisoma watajijua.

Kwa asiyepajua Chala: ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na mpaka wetu na Kenya unapita katikati ya maji. Kutoka Moshi unapita Himo kama unakwenda Holili, halafu unaacha lami na kula vumbi. Ziwa hulioni. Unaona vichaka, mbuyu mmojammoja, unaanza kujiuliza kama dereva kapotea, mara unafika ukingoni na ardhi inaisha. Chini kabisa ndiyo maji, buluu inayogeuka kijani kadiri wingu linavyopita. Maji hayo ni mvua za mlimani zilizopenya kwenye miamba zikatokea chini kwa chini, na kina kinazidi mita 90. Pale ukingoni ndugu zangu wa Pangani wangenyamaza, na hao si watu wa kunyamaza.

Mahema yalikuwa juu ukingoni, kayaki ziko chini majini. Kati ya hapo na pale kuna njia ya mawe na mizizi ambayo tangazo liliita "matembezi mafupi". Kushuka ni sawa. Kupanda saa saba mchana, umeshapiga makasia asubuhi nzima, ni adhabu. Mama mmoja wa kundi letu alipumzika mara nne, na mara zote nne nilifurahi kupata sababu ya kumsubiri. Kama magoti yako yana kesi, uliza kabla hujalipa.

Kwenye usalama nawapa alama zote. Kila mtu alivalishwa jaketi la kuokolea akafungwa na kiongozi mwenyewe, si kuambiwa "vaeni". Na neno la kwanza pale chini lilikuwa kwamba hakuna kuogelea. Alitueleza kwa nini: mwaka 2002 msichana wa Uingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba. Kuna kijana mmoja aliyekuja na miwani ya kuzamia, akairudisha kwenye begi bila ubishi.

Sasa kayaki zenyewe. Ni za plastiki, za watu wawili, unakaa juu kama umekaa kwenye beseni lililofunikwa. Yetu ilikuwa ya njano. Baada ya kama dakika ishirini niliona mkia unazama na mke wangu, aliyekaa mbele, anazidi kupanda juu kama malkia. Akadhani ni uzito wangu. Mimi maji yanayoingia chombo nayajua, niliyachota kwa kata tangu nikiwa na miaka sita. Tulirudi ufukweni, tukaigeuza, na kumbe kile kizibo cha nyuma cha kutolea maji kimelika nyuzi, kinazunguka tu hakikazi. Kijana wa kampuni akataka kukishindilia na kipande cha mfuko wa plastiki. Nikamwambia ngoja. Fundi friji hatembei bila ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba, na yangu ilikuwa kwenye suruali. Mizunguko sita kwa kufuata upande wa kukazia, kizibo kikakaa, na hatukuona tena tone mpaka Jumapili. Kosa dogo, lakini kizibo kinakaguliwa nyumbani kabla ya safari. Ziwa lenye kina cha mita 90 si mahali pa kugundulia.

Kasia la kayaki lina bapa huku na huku. Mazoea yangu ni kafi moja ya ngalawa, kwa hiyo nusu saa ya kwanza nilikuwa nachora duara tu, huku mke wangu, mtoto wa mlimani asiyejua hata kuelea, ananifundisha. Ukishaizoea, ni raha. Asubuhi maji yalikuwa yametulia, kuta za shimo zimekuzunguka pande zote, sauti ya furukombe inagonga upande mmoja inarudi kutoka upande wa pili. Unasikia matone yakidondoka kutoka kwenye kasia lako. Tulifuata ukuta wa upande wetu kwa saa mbili, nyani wakitufuata kwa juu. Hapo laki na themanini yangu ilianza kupata maelezo.

Chakula: mpishi wao ni mama wa Rombo na Jumamosi asubuhi alitoa mtori. Ndizi zimepondwa hasa, nyama ya mfupa, si ule uji wa mahotelini. Nilirudia mara tatu. Chakula cha jioni kilikuwa wali maharage wa kawaida. Basi.

Tuje kwenye nyota, ndizo zilizonitoa nyumbani.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, mwezi umeshachakaa, hauchomozi mpaka alfajiri inakaribia. Anga halina wingu. Na pale hakuna mji wa karibu wenye taa za maana. Kila kitu Mungu alishakiandaa. Ijumaa saa mbili usiku waandaaji wakawasha jenereta na taa kubwa nyeupe juu ya mti, eti tuone njia ya chooni. Macho yanahitaji kama nusu saa gizani ndipo yafunguke sawasawa, na mtu akikumulika mara moja unaanza upya. Tulikaa chini ya taa ile kama wauza chipsi, tunaonyeshwa anga.

Kiongozi wa nyota alikuwa kijana mchangamfu mwenye tochi ya leza ya kijani. Akamwonyesha kila mtu Jabari, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, aliyekuwa karibu na utosi na mkanda wake wa nyota tatu. Vizuri. Halafu akaelekeza leza kusini, kwenye nyota kali iliyokuwa kama nusu ya njia kwenda juu, akasema, "Na ile ni Zuhura." Nilijaribu kunyamaza. Nikashindwa. Zuhura haendi mbali na jua, huwezi kumkuta kusini kiasi kile. Ile ni Suheli. Babu yangu aliitumia Suheli kama wengine wanavyotumia kibao cha barabarani, na wazee wa pwani kusini yenyewe waliiita suheli. Kijana hakukasirika. Aliniambia, "Kaka, basi endelea wewe," akanipa leza. Nikajikuta nimelipa laki na themanini kuja kufanya kazi.

Jumamosi nilimwendea mkubwa wao mapema. Nikamwambia jenereta izimwe saa mbili, choo kiwekewe tochi ndogo, na tochi hiyo tuivalishe kitu chekundu, maana mwanga mwekundu hauharibu macho. Akauliza kitu chekundu atakitoa wapi. Mke wangu akaenda hemani akarudi na kanga yake ya kisutu, mkunjo mmoja, upande wenye wekundu mwingi. Wakaifunga kwa rababendi. Sijui kama kuna kisutu kingine kilichowahi kulinda choo cha Chala.

Ule usiku ndio nilioulipia. Zile nyota za Kilimia, ambazo Ijumaa zilikuwa doa tu, nilihesabu saba kwa macho. Kiongozi alikuwa na darubini ya miguu mitatu, na ukiacha makosa ya majina, mkono wake ulikuwa mzuri. Alituonyesha lile wingu la gesi chini ya mkanda wa Jabari, la kijivu kama moshi wa ubani, akasema mwanga ule umesafiri zaidi ya miaka 1,300. Hapo hakukosea. Mimi nikawaambia usemi wa babu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima wawili wa Himo waliokuwa nasi wakabishana kuhusu mwaka huu mpaka chai ikapoa.

Saa sita usiku wengi walishalala. Kutoka ukingoni, Msalaba wa Kusini ulikuwa umepanda upande wa kulia, na Dubu Mkubwa upande wa kushoto, vyote kwa pamoja. Mtu wa London haoni ule wa kulia. Sisi tunayoikosa ni Jaha tu, ile nyota ya kaskazini. Chala iko digrii tatu kusini ya ikweta, Jaha amebaki chini ya upeo. Mke wangu akaniuliza babu alijuaje kaskazini, basi. Nikamwambia alipeana mgongo na Suheli. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama hawezi kuamini hii ndiyo ile turubai."

Kwa wanaotaka kwenda: chukua blanketi la pili, kwa sababu upepo wa ukingoni saa tisa usiku hauna adabu, na mahema yao ni mepesi. Uliza kuhusu ada ya kijiji, sisi tuliambiwa tukiwa tumeshafika. Beba tepu. Amka saa kumi na moja alfajiri hata kama umelala saa saba, uone kundi la nyota la Nge limesimama kusini na baadaye Mawenzi, kile kilele cha Kilimanjaro cha upande huu, kikishika rangi nyuma ya mahema. Na kabla ya yote tazama kalenda ya Kiislamu, hata kama dini yako ni nyingine: kuanzia tarehe 26 hadi 3 hivi, usiku ni mweusi.

Hilo la mwisho nimewaandikia hata waandaaji, kwa sababu nimeona safari yao inayofuata wameiweka Pasaka. Pasaka hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu, kwa hiyo haikai mbali nao, na juu ya hapo mara nyingi masika yanakuwa yameshaingia. Nimewaeleza kwa aya mbili, kwa heshima. Wamejibu kwa kidole gumba, na tangazo bado liko pale pale, limeandikwa "usiku wa nyota".