Debian 12 kwenye laptopu ya steshenari: uzoefu wangu hapa Moshi

Laptopu yenyewe ni ya dada yangu, mwenye duka la steshenari Majengo. Inachapa barua za maombi ya kazi, inaskani vyeti, inatoa kopi za vitambulisho kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa na Debian 11, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, yenye Xfce (muonekano mwepesi wa madirisha na menyu), mwendo wake mzuri tu kwa mashine ya umri ule. Nikaipandisha kwenda Debian 12, toleo lililotoka Juni 2023.

Nianze na bando, maana ndilo watu wengi wanaloliogopa. Bando likiisha katikati ya apdeti hakuna kinachoharibika. Apt, programu ya Debian ya kusakinisha programu nyingine, hushusha kwanza pakeji zote (mafurushi ya programu) na kuzihifadhi kwenye /var/cache/apt/archives, na haigusi mfumo mpaka zote zimefika. Ukinunua bando jingine, unaendelea pale ulipoishia. Mimi nilishusha usiku, bando likiwa rahisi, kwa amri ya apt-get -d dist-upgrade, usakinishaji nikauachia mchana. Hapo sina lawama hata kidogo.

Adui ni umeme. Betri ya ile laptopu ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya, na umeme ukakatika wakati pakeji zinafunguliwa. Uliporudi, kompyuta iliwaka mpaka kwenye skrini nyeusi yenye kimstari kinachopepesa, basi. Skrini ya kuingilia haikutokea. Dada akachungulia: "Mdogo wangu, watu wa fomu wamejaa hapa nje, niwaambie nini?" Nikamwambia awaelekeze duka la jirani.

Hapa ndipo Debian iliponifurahisha. Ukibonyeza Ctrl+Alt+F3 unapata ukurasa wa maandishi matupu unaokuomba jina na paswadi, hata kama upande wa picha umelala kabisa. Nikaingia, nikaandika sudo dpkg --configure -a ili zile pakeji zilizoachwa nusu zimaliziwe. Baadhi zikakataa kwa sababu pakeji nyingine zilizohitajika hazikuwepo, kwa hiyo nikafuata na sudo apt --fix-broken install, halafu sudo apt full-upgrade. Intaneti niliipata kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuigawa kutoka kwenye simu. Kompyuta huiona kama mtandao wa waya wa kawaida, huhitaji kuhangaika na Wi-Fi kwenye maandishi.

Skrini ya kuingilia ikarudi. Ila kila nikiweka paswadi, inameza, inakuwa nyeusi sekunde moja, inanirudisha palepale kwenye paswadi. Watu wengi wakiona hivi wanadhani paswadi imebadilika, wanamwita fundi, na fundi anafuta kila kitu na kuweka Windows. Paswadi ikiwa mbaya mfumo husema wazi kwamba imekataliwa. Huu haukusema neno.

Nikarudi kwenye maandishi, nikaandika df -h. Diski imejaa asilimia 100. Aliyetuuzia mashine aliigawa diski kwa ubahili wa ajabu, sehemu kubwa akaiachia Windows ambayo pale dukani hakuna anayeifungua, na Debian ikabanwa kwenye kona pamoja na mafaili ya dada. Zile pakeji nilizoshusha usiku ndizo zilizomaliza nafasi iliyobaki. Lakini mbona usakinishaji wenyewe ulikamilika? Kwa sababu ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, kwa kawaida yake humtengea root, yaani akaunti ya msimamizi wa mfumo, asilimia 5 ya nafasi. Root aliendelea kuandika kwa raha zake, wakati akaunti ya dada haikuweza kuandika hata faili dogo la kuanzisha kikao, kwa hiyo kila akiingia anatupwa nje. Nikaandika sudo apt clean, pakeji zote zilizohifadhiwa zikafutwa, nikarudi upande wa picha kwa Ctrl+Alt+F7, na paswadi ileile ikafungua.

Kilichobaki kilikuwa Wi-Fi, ikawa inaunganika na kukatika. Nikaomba apt isakinishe firmware-iwlwifi, yaani firmware (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kadi ya Wi-Fi, ikajibu kwamba tayari ninayo mpya kabisa. Jibu hilo lingemridhisha mtu asiyeuliza zaidi. Nikaandika apt policy firmware-iwlwifi, nikaona iliyopo ni ya Debian 11 na hakuna hazina yoyote (mahali apt inaposhushia pakeji) inayoitoa. Kuanzia Debian 12, firmware zisizo huria zilihamishwa kutoka non-free kwenda sehemu mpya inayoitwa non-free-firmware, na faili la sources.list la ile mashine, linaloorodhesha hazina, lilikuwa bado na mpangilio wa zamani. Nikaongeza neno hilo kwenye mistari ya hazina, nikafanya sudo apt update, pakeji ikaonekana, Wi-Fi ikatulia.

Ningempendekezea mwenye steshenari? Ndiyo, kama karibu yake yupo mtu asiyeogopa kusoma ujumbe wa Kiingereza kwenye skrini nyeusi. Kila nilichotaka kujua nilikikuta kimeandikwa mahali fulani, na /var/log/apt/history.log ilinionyesha kila pakeji iliyoingia na iliyotoka, kwa tarehe na saa. Lakini dada peke yake asingetoka pale, na sidhani ni haki kumtarajia. Anayeuza kopi hapaswi kujua dpkg ni nini. Kwa mtu wa namna hiyo ningeweka Linux Mint, ambayo inakuja na Timeshift ya kurudisha mfumo ulivyokuwa jana, mradi diski iwe na nafasi ya kutosha.

Debian 13 imeshatoka tangu Agosti 2025. Ile laptopu itabaki hapohapo kwenye 12, ambayo marekebisho yake ya usalama yatafika mpaka katikati ya 2028. Betri ya modeli hiyo sijaipata Moshi, naambiwa nijaribu Arusha.