Barakoa ya N95 kwa kusafisha ukungu wa mafuriko: uzoefu wangu

Masika ya 2024 maji ya Mto Msimbazi yaliingia kwetu Kigogo, Dar es Salaam. Yalipopungua tukawa tunahangaika na tope, na ukungu nao haukungoja: kitu kilicholowa kikikaa siku moja au mbili bila kukauka, umeshaanza. Nyuma ya kabati la nguo ukuta ulikuwa mweusi wenye manyoya, harufu inakaba koo. Mama ana pumu, tukampeleka kwa dada kabla hatujagusa chochote.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilichukua N95, glavu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho. N95 halisi ina mikanda miwili ya kuzungushia kichwani na imeandikwa NIOSH, yaani taasisi ya Marekani inayozithibitisha barakoa hizi. Zile za kuning'iniza masikioni niliziacha, japo ni za bei nafuu. Ukishavaa, bana kile kibati cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha pumua nje kwa nguvu. Upepo ukikupiga machoni, bado haijakaa. Kaka ana ndevu, kwake ilivuja pembeni mpaka aliponyoa.

Kwenye kazi nimeikubali. Tulisugua kuta za saruji kwa maji ya sabuni, madirisha yote wazi, na sikukohoa, wakati jirani aliyejifunga kanga puani alipiga chafya mpaka jioni. Ila jamani, inazuia vumbi na mbegu za ukungu, haizuii mvuke wa Jiki! Tulipopaka Jiki, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, harufu ilipenya vilevile, ikabidi tuwe tunatoka nje kupumua. Na Jiki msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni wala kitu chenye amonia. Hewa inayotoka hapo inaweza kuua.

Godoro nalo halikupona. Magodoro, zulia na silingi bodi zilizolowa tulitupa zote, iliniuma sana. Fundi mmoja alitaka tupige rangi juu ya ukungu, nikakataa: rangi itabanduka na ukungu utarudi.

Kasoro ya N95 ni kwenye joto la Dar. Inalowa jasho upesi, na ikilowa kupumua kunakuwa kazi, kwa hiyo nunua zaidi ya moja. Kwa familia iliyotoka kupoteza vitu bei yake inauma, lakini kama ni kubana matumizi, bana kwingine.