Uzoefu wangu na jengo la chuma kwenye kiwanda cha alizeti

Tunakamua alizeti hapa Singida, na kwa miaka mingi mashine, magunia na mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) vilibanana kwenye jengo la tofali lenye kenchi za mbao. Mchwa walishaanza kuzila. Nguzo za katikati nazo zilizuia Fuso kusogea karibu na mashine, kwa hiyo kila gunia lilibebwa mgongoni kutoka mlangoni. Safari hii tukaagiza jengo la chuma: upana mita 15, urefu mita 30, fremu moja (nguzo mbili za pembeni zilizounganishwa juu na boriti za paa) kila baada ya mita 6, zote za kufunga kwa bolti.

Nalipenda jengo hili kwa sababu moja kubwa: ndani hakuna nguzo hata moja. Fremu inabeba paa kutoka ukuta hadi ukuta. Mvua zikikatika na alizeti ikaanza kumiminika, lori linaingia mlango huu na kutokea ule. Chuma kilifika kimeshakatwa, kimetobolewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, mafundi wakainua kwa kreni ya kukodi na kukaza nati. Kusimamisha fremu kulikwenda haraka mno.

Msingi ndio ulitusumbua. Kwanza haumo kwenye bei ya muuzaji. Halafu jengo la chuma ni jepesi, na Singida upepo wake mnaujua. Msingi haubebi tu, unalishikilia jengo lisinyanyuliwe. Bolti za msingi humwagiwa zege kabla fremu hazijafika, na zikikaa upande kwa sentimita moja tu, matundu ya fremu hayakubali. Muuzaji wetu alileta michoro wakati mashimo yameshachimbwa, ikabidi mengine yachimbwe upya kwa gharama yetu. Michoro ya msingi idaini kabla ya kulipa malipo ya kwanza, pamoja na kipande cha bati kilichotobolewa cha kupangia bolti.

Kuhusu joto, hakuna aliyetuambia lolote. Bati tupu mchana linageuza ghala kuwa tanuri, na mbegu ikikaa kwenye joto na unyevu, mafuta yake yanapungua ubora. Usiku bati linapoa, unyevu wa ndani unageuka matone na kudondokea magunia. Tuliongeza baadaye matundu ya hewa juu kwenye paa na mengine chini kwenye kuta, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Yangekuwemo kwenye oda tangu mwanzo yangetugharimu kidogo sana. Bati lenyewe chukua geji 28, au 26 ukiweza; namba ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Geji 30 ni nyembamba mno kwa ghala.

Mashudu tumeyahamishia banda la pembeni. Yana mafuta, yanashika moto, na chuma ingawa hakiungui, kikifika karibu nyuzi 600 kinapoteza kama nusu ya nguvu yake, na paa hushuka.

Kwa mwenye biashara inayokua naliunga mkono jengo hili kwa moyo wote, kwa sharti moja. Wauzaji wengi huweka fremu nyepesi kwenye ukuta wa mwisho ili kupunguza bei. Omba fremu ya mwisho iwe na uwezo sawa na za katikati. Siku ya kuongeza urefu utafungua mabati ya ukuta ule, utasimamisha fremu mpya mita 6 mbele, na mashine zitaendelea kukamua.