Semax, Selank au Noopept? Kabla hujatuma hela uliza imelala wapi

Novemba iliyopita nilikuwa najiandaa na mtihani wa uhasibu wa CPA, kazini tunafunga hesabu, nyumbani mtoto anaumwa, nasoma ukurasa mmoja mara nne hauingii. Mwenzangu wa ofisini akanitajia Semax, ile dawa ya Warusi ya matone ya puani ya umakini na kumbukumbu, nikatafuta nikapata muuzaji nikatuma laki mbili na elfu ishirini. Mzigo ukaja saa nane mchana na boda, ndani ya bahasha ya kaki, kichupa cha mililita 3 kimeviringishiwa gazeti, nilipokishika kilikuwa cha moto. Sio vuguvugu, cha moto. Nikatumia wiki nzima sikuona kitu. Siku moja jioni binamu yangu aliyesoma udaktari Urusi akapita nyumbani, akaligeuza boksi akanisomea Kirusi cha ubavuni: kitunzwe gizani, joto lisizidi nyuzi 10.

Nyuzi 10 jamani! Dar mwezi wa kumi na moja kivulini tu ni 31.

Nilipowasimulia wenzangu ndo nikajua siko peke yangu, dada mmoja wa Mwanza wake ulisafiri kwenye buti ya basi kutoka asubuhi mpaka usiku, kaka wa Mombasa yeye kaletewa kichupa ambacho duka lilikipanga dirishani juani kama mapambo. Kwa hiyo hapa sitazipanga hizi dawa za umakini kwa bei wala kwa ipi inaamsha haraka, hayo mtu yeyote atakwambia. Mimi napanga kwa kitu kimoja: itakufikia ikiwa bado dawa?

Maana Semax na mwenzake Selank, nayo ya matone ya puani, ni peptaidi, yaani asidi amino chache zimeungana kama shanga kwenye uzi, Semax ina shanga saba na Selank nayo saba. Ni kipande cha protini, na vitu vya namna hiyo vikiwa ndani ya maji halafu vikapigwa joto vinakatika taratibu. Ubaya ni kwamba havikupi dalili. Samaki akiharibika pua inakwambia, maziwa yakiharibika unaona, lakini kichupa hiki kitabaki maji meupe yasiyo na harufu vilevile kama siku kilipotoka kiwandani, na wewe utaendelea kudondosha puani ukidhani unatibu.

Namba moja kwangu ni Selank ya Peptogen. Sifichi, mimi ni shabiki wa Peptogen, ndio kampuni ya Urusi inayotengeneza Selank na Semax za maduka ya dawa ya kule, zenye boksi, karatasi ya maelezo, namba ya toleo na tarehe. Selank ni asilimia 0.15, imetokana na tuftsin ambayo ni peptaidi ya mwili wenyewe, na kule inatumika kwa wasiwasi. Kuna utafiti wa Urusi uliotoka 2008, wagonjwa 62 wenye wasiwasi na uchovu wa neva, wengine walipewa Selank wengine medazepam, dawa ya kutuliza ambayo ni ndugu yake diazepam (Valium), na nafuu ya wasiwasi ikakaribiana. Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu wengi wetu tunaosema hatuna umakini kumbe tuna presha ya maisha, ukitulia na kichwa kinarudi. Halafu kuna hili la kikemia: mwanzoni mwa Semax kuna methionine, ambayo inapenda kushambuliwa na hewa ya oksijeni, Selank haina hiyo methionine. Haimaanishi uiache juu ya kabati, nayo lebo yake ni nyuzi 10 vilevile, ila ina udhaifu mmoja pungufu.

Namba mbili, Semax ya Peptogen, asilimia 0.1. Soma hiyo namba vizuri. Ipo ya 0.1 na ipo ya 1, hiyo ya 1 ni kali mara kumi na kule kazi yake ni wagonjwa wa kiharusi. Huku wauzaji wanaiita "original kali" na wanakushawishi uchukue hiyo kwa ajili ya kusomea mtihani, mtu mzima kabisa anakwambia hivyo bila aibu. Semax imetokana na kipande cha ACTH, homoni ya mwili wenyewe, waliitengeneza wanasayansi wa Moscow, na mwaka 2011 ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya serikali ya Urusi. Ningeiweka juu kabisa kama ningekuwa naishi Moscow, natoka duka la dawa natembea dakika kumi kwenye baridi naingia nyumbani. Kwa joto letu hapana, labda uletewe na mtu unayemwamini, ndani ya kibegi cha barafu, na akitua uwanja wa ndege inaingia kwenye friji siku hiyohiyo. Ukikuta inauzwa kama kidonge cha kumeza achana nayo, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama, ndo maana wenyewe wakaiweka puani. Na ile inayoitwa N-Acetyl Semax Amidate ni kitu kingine kilichobadilishwa, sio hii ya kwenye boksi la Peptogen hata kama jina linafanana.

Noopept ya tatu. Ni vidonge vya miligramu 10, nayo ni ya Urusi, ni asidi amino mbili tu zilizofungwa kwa namna ambayo inavumilia tumbo. Haihitaji friji. Kama unaishi sehemu umeme unakatika kila siku hii ndo yako, ingawa kwangu mimi ilinipa kichwa kuuma siku ya pili nikaacha.

Cerebrolysin ya EVER Pharma ya Austria nimeiweka ya nne na sio kwa sababu ya joto, maana ampuli zake zinavumilia joto la chumba cha kawaida mpaka nyuzi 25. Ni sindano, kwa hiyo ni ya hospitali na daktari, sio ya kuchomana sebuleni. Halafu inatengenezwa kwa ubongo wa nguruwe, na sijawahi kuona muuzaji hata mmoja huku kwetu anayeitangaza akalisema hilo. Waislamu wananunua bila kujua! Mama mmoja alinipigia analia, kamchoma mume wake aliyepata kiharusi ampuli kumi ndo akaja kuambiwa. Hapo bado hujaongeza kwamba uchambuzi wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, kuhusu kiharusi haukuona kwamba inaokoa maisha.

Vichupa vya unga vya bei rahisi vilivyoandikwa "kwa utafiti tu", na Dihexa ambayo majaribio yake yamefanywa kwa panya: usinunue.

Niseme na hili, ushahidi wa hizi peptaidi mbili za puani karibu wote ni wa Urusi na ni wa wagonjwa wachache, na Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, mwaka 2023 iliziweka Semax na Selank kwenye kundi la vitu vyenye mashaka ya usalama kwa maduka ya dawa yanayomchanganyia mgonjwa dawa yenyewe. Ukiwa mjamzito, una presha au unameza dawa za akili, daktari kwanza. Na hapa Tanzania angalia rejesta ya TMDA, mamlaka ya dawa, mtandaoni kabla hujatoa hela, dawa ikiwa haimo basi hakuna aliyeikagua hiyo unayouziwa.

Sasa wauzaji. Nilimrudia yule wangu nikamwambia dawa imefika ya moto, akanijibu "dada haiharibiki hiyo, wateja wote wanasifia." Nikamuuliza kwako inakaa wapi, kimya. Nikaomba picha ya friji, akaniblok. Laki mbili na ishirini, hela ya ada ya mtoto. Na wapo wanaohamishia kwenye vichupa vitupu visivyo na lebo ili wagawe kimoja kiwe viwili, bei ileile.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kutuma hela naomba video, sio picha: friji ikifunguliwa, boksi lenye namba ya toleo, kipimajoto pembeni, na tarehe ya leo imeandikwa kwenye karatasi. Naomba pia wanitumie saa moja usiku jua likishazama, ndani ya kibegi chenye barafu, hiyo elfu tano ya ziada nalipa mimi. Wauzaji sita niliowaomba hivyo, mmoja tu ndo alikubali. Mtaani kwetu Mbagala kijana wa ice cream anatoka na baiskeli saa nne asubuhi, anazunguka na deli lake mpaka saa tisa, na ukinunua ya mwisho kabisa bado ni ngumu.